Maji Kwanza, Mbao Baadaye

  Wako wazazi Tanga, Kisumu na Bukavu ambao watoto wao walioko Minneapolis na Columbus, Toronto na Denver, wamewatumia picha ya chumba kitupu chini ya nyumba, kuta za zege za kijivu, taa moja inaning'inia, wakawaambia: "Hapa ndipo patakuwa chumba chako ukija."

Leo tunashuka ngazi mpaka kwenye chumba hicho. Waswahili wa ughaibuni hukiita besimenti, nasi tutakiita hivyo hivyo. Tutazungumzia kazi moja tu: kusimamisha fremu ya mbao mbele ya kuta za zege, ili chumba kipigwe jipsamu, kipakwe rangi, kikalike. Fundi mzoefu na msaidizi wake wanaweza kuimaliza kazi hiyo kwa siku chache. Lakini kosa lake halionekani siku hizo. Huonekana mwaka wa pili au wa tatu, na pua ndiyo hutangulia kulijua, harufu ya uvundo inapoanza kupanda ngazi.

Kwanza tujiulize, kwa nini nyumba nyingi za huko zina besimenti? Sababu kubwa ni baridi. Maji yaliyomo udongoni yakiganda hutanuka, na yakitanuka huinua chochote kilichokaa juu yake. Kwa hiyo msingi hauna budi kushuka chini ya kina ambacho udongo huganda. Kanuni za ujenzi za jimbo la Minnesota zinataka msingi ushuke futi 3 na nusu upande wa kusini wa jimbo, na futi 5 upande wa kaskazini. Mtu akishachimba futi 5 kwa lazima, akiongeza futi chache amepata ghorofa nzima chini ya nyumba. Dar es Salaam na Mombasa udongo haugandi, ndiyo maana mafundi wetu wa pwani hawakuwa na haja ya kushuka huko, isipokuwa kwa majengo makubwa ya mjini yanayotafuta pa kuegesha magari.

Sasa tuchukue mfano. Tuseme iko familia St. Paul, Minnesota. Baba ni mtu wa Tanga, mama ni muuguzi anayefanya kazi zamu za usiku, watoto ni watatu, vyumba vya kulala ni viwili. Bibi amepata viza na anatarajiwa mwakani. Baba ameshanunua mbao zote, zimelala gereji zikisubiri. Siku ya Jumamosi anamwita shemeji yake, seremala aliyejifunza kazi Tanga na ambaye sasa ameshazoea vipimo na kanuni za Marekani.

Shemeji anashuka ngazi. Mbao hajazitazama. Anaweka kiganja chake ukutani, anakiacha hapo kidogo, kisha anapitisha kidole kwenye kona moja, karibu na sakafu. Kidole kinatoka na unga mweupe. Anaupikicha kati ya vidole viwili.

"Chumvi," anasema.

"Basi tuanze upande gani, shemeji?" baba anauliza.

"Tuanze nje."

Wasikilizaji, jibu hilo ndilo kiini cha mazungumzo yetu ya leo. Unga ule mweupe ni chumvi iliyokuwa ndani ya zege au udongoni. Maji yameiyeyusha, yamepita nayo ukutani, yamefika upande wa chumba na kukauka, chumvi ikabaki. Unga ni alama ya njia ya maji. Maji kwanza, mbao baadaye.

Wengi hudhani zege ni kama jiwe, halipitishi kitu. Ukweli ni kwamba lina vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, na huvuta maji kama utambi wa koroboi unavyovuta mafuta ya taa. Zege jipya, hata bila mvua, lina maji mengi liliyochanganywa nayo, na huchukua miezi mingi kuyatoa. Kwa hiyo ukuta unaoonekana mkavu unaweza kuwa unatoa unyevu kidogo kidogo, mchana na usiku. Ukiwa wazi, unyevu huo hutoka na kupotea hewani. Ukiufunika kwa mbao na jipsamu, unyevu unaingia kwenye mbao na kwenye karatasi ya jipsamu, na karatasi hiyo ni chakula cha kuvu.

Wanatoka nje. Bomba linaloshusha maji kutoka kwenye gata la paa linaishia chini kabisa ya ukuta, pale pale kwenye kona yenye chumvi. Hesabu yake ni nyepesi: paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 25, linakusanya lita 2,500. Hayo ni madumu 125 ya lita 20, yanamwagwa kwenye mguu wa ukuta kwa mvua moja. Udongo nao umetitia na kuelekea nyumbani badala ya kuelekea uani. Kanuni zinazotumika sehemu kubwa ya Marekani zinataka udongo uteremke inchi 6 katika futi 10 za kwanza kutoka kwenye nyumba. Baba na shemeji wanaongeza bomba, wanasogeza maji mbali, wanajaza udongo na kuushindilia. Jumamosi imekwisha, na hakuna hata mbao moja iliyokatwa.

Je, hilo linatosha? Shemeji hajaridhika. Anakata vipande vya nailoni ngumu, vya futi 2 kwa 2, na kuvibandika ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne. Kimoja kwenye kona ile, kingine katikati, kingine upande wa kaskazini. Viachwe siku mbili.

Siku ya pili baba anashuka na tochi kabla ya kwenda kazini. Kipande cha katikati ni kikavu pande zote. Kile cha kaskazini kina matone kwa nje, upande wa chumba. Kile cha konani kina matone kwa ndani, kati ya nailoni na zege, na ukuta chini yake umekuwa mweusi kidogo.

Tofauti ya matone hayo ni kubwa. Matone yaliyo nje yametoka hewani: hewa ya chumba yenye unyevu imegusa kitu cha baridi ikageuka maji, kama chupa ya soda inavyotoka jasho mezani kule pwani wakati wa joto la Machi. Hayo hayaponi kwa kurekebisha gata. Yanapona kwa kuizuia hewa ya chumba isiguse zege la baridi. Matone yaliyo ndani yametoka ukutani. Hayo ndiyo yanayosema subiri.

"Bado, shemeji," seremala anasema. "Tuache mvua mbili tatu zinyeshe, tupime tena."

Kusubiri huko kunauma. Mbao zimelipiwa, bibi amepata viza. Lakini mafundi wazuri wanakubaliana hapa: ukuta upimwe katika majira yake ya mvua, au theluji inapoyeyuka, wala si wakati wa kiangazi tu. Ikiwa maji yanaendelea kuingia hata baada ya kurekebisha nje, basi kazi ni ya bomba la kukusanya maji chini ya sakafu na pampu ya kuyatoa, na fremu ingoje.

Wakati wa kungoja ndio wakati wa kupima gesi ya radoni. Haina rangi wala harufu, hutoka kwenye urani iliyomo udongoni na kuingia kwa nyufa za sakafu na kuta. Mwaka 1984, mhandisi mmoja wa kinu cha nyuklia cha Limerick, Pennsylvania, alikuwa akiliza ving'ora vya kupimia mionzi alipokuwa akiingia kazini, ilhali kinu kilikuwa bado hakijaanza kuzalisha umeme. Uchunguzi ulifika nyumbani kwake, na radoni iliyokutwa humo ilikuwa ya kiwango cha kutisha. Shirika la hifadhi ya mazingira la serikali ya Marekani linaiweka radoni katika nafasi ya pili, baada ya sigara, miongoni mwa visababishi vya saratani ya mapafu nchini humo. Kipimo chake hununuliwa dukani, na ni rahisi zaidi kuziba nyufa na kuweka bomba la kuitoa gesi kabla ukuta haujafunikwa.

Sasa tuseme mvua zimenyesha, kona imekauka, kipimo cha radoni ni kizuri. Je, sasa tusimamishe mbao? Bado kidogo, wasikilizaji, kwa sababu ya yale matone ya upande wa kaskazini.

Kwa miaka mingi mafundi wa huko walifunika zege kwa fremu, wakajaza pamba ya nyuzi za kioo katikati ya mbao, kisha wakatandaza nailoni juu yake kabla ya jipsamu. Nia ilikuwa kuzuia unyevu. Lakini unyevu wa ukutani ulinaswa nyuma ya nailoni, pamba ikalowa, mbao zikaota kuvu. Mhandisi wa Kanada, Joseph Lstiburek, ambaye ametumia maisha yake kuchunguza majengo yanayooza, ni mmoja wa waliolieleza tatizo hilo kwa nguvu. Watu wa Zanzibar wanalijua kwa sura nyingine. Kuta za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na lipu ya chokaa huuachia unyevu utoke. Pale ilipopigwa lipu ya saruji juu ya kuta hizo, unyevu ulikosa njia, lipu ikavimba na kumomonyoka. Zege la St. Paul na matumbawe ya Zanzibar ni vitu viwili tofauti, lakini maji ni yale yale.

Njia iliyokubalika zaidi leo ni kubandika shiti za povu gumu moja kwa moja kwenye zege, kabla ya fremu. Unene wa inchi 2 ni wa kawaida katika majimbo ya baridi, na sehemu nyingine kanuni hudai zaidi. Gundi iwe ile inayofaa povu, maana baadhi ya gundi huliyeyusha. Viungo vyote vizibwe kwa utepe, na kingo za juu na chini zipigwe povu la kupuliza. Kwa nini uangalifu wote huo? Kwa sababu kazi ya povu ni mbili: kuzuia baridi, na kuizuia hewa ya chumba isifike kwenye zege. Ufa wa upana wa kidole unatosha kuipitisha hewa na kurudisha matone yale. Na povu huungua, hivyo haliruhusiwi kubaki wazi. Lazima lifunikwe, kwa kawaida kwa jipsamu ya nusu inchi.

Sasa mbao zitoke gereji.

Fremu hii haibebi nyumba. Nyumba imebebwa na zege na zile nguzo za chuma za katikati, ambazo hakuna anayepaswa kuzigusa bila mhandisi. Fremu inabeba jipsamu, nyaya na soketi. Kwa hiyo hailazimiki kuufuata ukuta wa zege, na kwa kweli haipaswi. Zege hilo lilimwagwa ndani ya mbao za muda miaka mingi iliyopita, na hakuna aliyejali kama limenyooka, kwa kuwa lilikuwa la kuzikwa.

Shemeji anapanda ngazi fupi na kushusha timazi kutoka kwenye boriti ya dari. Anangoja itulie. Ncha yake inasimama inchi moja na robo kutoka kwenye povu. Anasogea futi 4, anashusha tena: robo tatu ya inchi. Anasogea tena: timazi inagusa povu. Ukuta umetoa tumbo. Hapo ndipo anapoweka alama, mahali tumbo lilipotoka zaidi, na kutoka hapo anapima mstari mmoja wa sakafuni ulionyooka kona hadi kona. Baba anashika uzi wa chaki upande mmoja, shemeji anauvuta na kuuachia. Mstari wa buluu unabaki kwenye zege. Fremu itafuata mstari huo, na ukuta wa nyuma ukae na tumbo lake.

Mbao ya chini, inayolala juu ya sakafu, ndiyo pekee inayofungwa kwenye zege. Hiyo lazima iwe mbao iliyotiwa dawa, na chini yake utandikwe utepe mwembamba wa povu ili isinyonye maji. Dawa ya zamani yenye aseniki iliondolewa kwenye mbao za nyumba za kuishi Marekani mwishoni mwa 2003, na dawa nyingi zilizoishika nafasi yake zina shaba. Shaba hula misumari ya kawaida. Kwa hiyo misumari na skrubu za mbao hiyo ziwe za kupakwa zinki kwa moto au za chuma kisichoshika kutu.

Inafungwaje kwenye zege? Wengine hutumia bunduki ya misumari inayofyatuliwa kwa baruti. Ni ya haraka, ila inataka kinga ya masikio na macho, na kwenye zege la zamani huweza kupasua sakafu. Shemeji anapendelea skrubu za zege na keekee ya kugonga, kwa sababu skrubu ikikaa vibaya inafunguliwa. Anavaa barakoa, maana vumbi la zege huharibu mapafu. Na kabla ya tundu la kwanza anauliza swali moja: je, chini ya sakafu hii kuna mabomba ya maji moto ya kupasha joto nyumba?

Mbao za wima ni za 2 kwa 4. Jina ni hilo, lakini ukipima utakuta inchi 1 na nusu kwa inchi 3 na nusu. Zinasimamishwa kila baada ya inchi 16, katikati hadi katikati. Kwa nini 16? Bodi ya jipsamu ina upana wa inchi 48, na 16 mara tatu ni 48. Kingo za bodi lazima ziangukie katikati ya mbao. Ndiyo sababu tepu nyingi za kupimia za Marekani zina alama nyekundu kila inchi 16. Kila mbao inatazamwa kwa jicho moja kwanza, kwa urefu wake. Iliyopinda kidogo, upinde wake unaelekezwa upande mmoja na wenzake. Iliyopinda sana inakatwa vipande vifupi.

Wapo wanaounda ukuta mzima ukiwa umelala sakafuni, kisha wanausimamisha. Besimenti ina mabomba na njia za hewa zilizoning'inia, na ukuta wenye urefu kamili hukwama unapoinuliwa, maana kimo chake cha mshazari kinazidi kile cha wima. Basi ama waupunguze robo ya inchi na kuweka kabari juu, ama wasimamishe mbao moja moja mahali pake. Shemeji anachagua moja moja. Ni polepole, ila kila mbao inapata kipimo chake, kwa sababu sakafu nayo haiko sawa. Pimamaji imeshamwonyesha hivyo.

Msikilizaji wa Denver atasema, huku kwetu mambo si hayo. Na ni kweli. Udongo wa maeneo mengi ya huko una mfinyanzi unaovimba ukilowa, na sakafu ya besimenti huinuka na kushuka. Fremu iliyobanwa kati ya sakafu na dari itaisukuma nyumba juu, milango ya ghorofani ianze kukwama. Kwa hiyo fremu hufungwa kwenye boriti za juu, ikaachwa na uwazi wa inchi kadhaa chini, na misumari mirefu inayopita katika mbao mbili za chini huiongoza bila kuibana. Sakafu inapanda na kushuka, ukuta umening'inia. Yeyote anayefuata video ya mtu wa jimbo jingine ajue kwanza udongo wa kwake.

Turudi kwenye chumba cha bibi, na hapa tusikie vizuri. Chumba cha kulala cha besimenti lazima kiwe na dirisha la kutokea. Kanuni zile zile za sehemu kubwa ya Marekani zinataka uwazi wa futi za mraba 5.7, na kizingiti cha chini kisizidi inchi 44 kutoka sakafuni. Usiku wa tarehe 1 Septemba 2021, mabaki ya kimbunga Ida yaliumwagia mji wa New York mvua isiyowahi kupimwa kwa saa moja. Watu 13 walikufa mjini humo, na 11 kati yao walikuwa katika makazi ya besimenti. Wengi walikuwa wahamiaji, waliopanga kwa kuwa ndicho walichomudu. Dirisha peke yake halizuii mafuriko, lakini mlango ukibanwa na maji au moshi, njia ya pili ndiyo uhai. Kama bajeti haitoshi kukata zege na kuweka dirisha, chumba hicho kiwe sebule, kiwe mahali pa watoto kuchezea, lakini bibi alale juu. Shemeji na baba wanabishana kuhusu gharama, kisha baba anakubali kumwita mkata zege mwenye leseni.

Bado kidogo tu tumalize. Nyuma ya fremu unabaki mwanya, na moto hupenda mwanya. Ndiyo maana huwekwa vizuizi vya mbao au jipsamu juu ya fremu, na vingine visivyopita futi 10 kati ya kimoja na kingine kwa ulalo. Umeme upitishwe na mwenye idhini. Kisha mkaguzi wa mji aje atazame fremu ikiwa wazi, kabla haijafunikwa; kibali cha kazi kiwe kimebandikwa pale anapoweza kukisoma.

Mkaguzi ameshapita, amesaini. Jumapili jioni, kabla ya bodi ya kwanza, baba anapiga picha kila ukuta, tepu ya kupimia ikiwa imefunguliwa sakafuni ili vipimo vionekane: waya unapita wapi, bomba liko wapi, kizuizi kiko wapi. Shemeji anaweka kibao cha nusu inchi chini ya bodi ya jipsamu ili isiguse zege, anaisukuma ikae, na kupiga skrubu ya kwanza. Juu, mama yuko kwenye simu na bibi, na bibi anauliza kama huko chini kuna baridi.